Waliozaliwa Tarehe Moja Januari

6 Machi

Binti yangu Profesa,

Marahaba, salamu zako zimefika. Sisi huku wazima. Goti linalalamika kama kawaida yake, na paka wa jirani amezaa tena chini ya kitanda changu bila kuniomba ruhusa. Wewe je, hujambo? Unakula? Unalala? Nauliza kwa sababu barua yako imenifanya nidhani una homa.

Umeacha kazi! Nilipofika hapo nilirudi mwanzo wa mstari. Miaka thelathini na minne ya kusoma prufu, kuwinda makosa kabla ya kuchapa, pale kwenye kiwanda cha uchapaji ilinifundisha kwamba ukiona jambo la ajabu kwenye karatasi, kwanza mshuku mpiga chapa. Lakini mpiga chapa ni wewe mwenyewe, na umeandika mara mbili.

Miaka tisa umekuwa mwanasayansi wa kompyuta, unatengeneza mfumo wa orodha za hospitali. Nimejisifu mtaani mpaka kinyozi akaniomba nipunguze. Kila aketiye kwenye kiti kile lazima asikie kwamba kompyuta inayompangia mgonjwa siku ya kupasuliwa, akili yake imetoka nyumbani kwangu. Leo niwaambie nini? Kwamba Profesa amejifungia ndani anaongea peke yake? Maana hivyo ndivyo nilivyoielewa hiyo podikasti yako. Redio isiyo na redio!

Kama umefukuzwa, sema. Sitakasirika. Nitakasirika kidogo.

Nimekurudishia barua yako humu ndani, kama desturi yetu.

Baba yako,
Kalamu Nyekundu


15 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti, na pongezi kwa wajukuu wenye mikia. Mimi sijambo, nakula, nalala, na sina homa.

Sikufukuzwa. Niliondoka kwa miguu yangu, na sababu yake nitakuambia nikipata ujasiri. Kwa sasa jua hili tu: chumba changu cha kurekodia ni kabati la nguo. Nimetundika mablanketi matatu kuzuia kelele za mtaani, maikrofoni nimeifunga kwenye mpini wa ufagio, na mimi nakaa juu ya sanduku la viatu. Kipindi cha kwanza kimesikilizwa na watu kumi na tisa. Wanne kati yao ni mimi, nilikuwa najaribu kama kinafunguka.

Sasa na mimi nikuulize. Tangu nilipokuwa shule ya bweni unanirudishia barua zangu zimejaa wino mwekundu kama zimepigwa. Nilikuwa nalia bwenini. Alama moja tu ndiyo niliyoipenda: pale nilipokuwa nimekata neno kwa woga na wewe ukaona ni zuri, ulitia nukta nyekundu chini yake. Nukta chini ya lililokatwa, ulinifundisha, maana yake libaki, limekatwa kimakosa.

Safari hii barua imerudi safi. Hata doa! Nimeigeuza nyuma, nimeiinua dirishani, hakuna. Baada ya miaka ishirini nimeandika barua isiyo na kosa? Nimeibandika ukutani juu ya meza. Na wewe naona siku hizi unatumia kalamu nene, herufi kubwa kama za mabango ya uchaguzi. Unagombea nini?

Binti yako,
Profesa


2 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Sisi wazima. Paka wamefumbua macho, wanne, mmoja ana kiburi kama chako.

Wino mwekundu haupo kwa sababu umekua. Furahi, usiulize. Kalamu nene ni hizi hizi zinazouzwa dukani. Macho yangu yana vumbi kidogo tu, ni macho ya mtu wa miaka sabini na mbili, kama karani alikadiria sawasawa.

Jirani yangu Fundi Saa alinifungulia vipindi vyako viwili kwenye simu yake, tukasikiliza kibarazani kwake katikati ya saa zake zote zinazogombana. Unaeleza vizuri jinsi kompyuta inavyopanga foleni. Ila unameza mwisho wa sentensi, na unakunywa maji kwa sauti. Gilasi inasikika.

Lakini mtu haachi kazi ya miaka tisa ili aelezee foleni kabatini. Kuna kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sema.

Baba yako,
Kalamu Nyekundu


11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi mwili mzima, roho ndiyo imelazwa.

Umesema niseme. Basi kaa vizuri.

Mwaka jana mwezi wa kumi, mama mmoja mshonaji aliingia ofisini kwetu na kadi ya hospitali mkononi. Sijui alimpita vipi mlinzi. Alisema kila akienda dirishani anaambiwa haonekani kwenye mfumo, na yeye anajiona yupo. Watu wakacheka. Nami nilicheka, Baba. Nikachukua namba yake nikaitafuta, ili tu aende zake.

Alikuwa amefutwa. Na aliyemfuta ni mimi.

Miaka miwili nyuma tuliagizwa kuondoa majina yaliyojirudia, maana wagonjwa walikuwa wanajiandikisha mara mbili mbili. Niliandika kanuni moja ya mistari minne. Wawili wakiwa na jina moja, wilaya moja na tarehe moja ya kuzaliwa, basi hao ni mtu mmoja: abaki aliyeandikishwa mwisho, wa kwanza aondoke. Nikaijaribu kwa majina ya vijana, ikafanya kazi vizuri mno. Tulikula biskuti.

Sasa fikiria watu wa rika lako. Nani kati yenu anajua siku aliyozaliwa? Mlifika kwa karani, akauliza, mkamwambia mwaka wa mafuriko, naye akaandika tarehe moja Januari, haya, anayefuata! Kizazi kizima kimezaliwa siku moja. Na majina ni yale yale ya mababu, yanazunguka. Wewe mwenyewe ni tarehe moja Januari. Kila mwaka nakupigia simu asubuhi, heri ya mwaka na heri ya kuzaliwa kwa pamoja, tunamcheka yule karani mvivu. Nilijua! Nimekua nikijua, na nilipokaa mbele ya kompyuta nikasahau kama mtu ambaye hakuzaliwa na mtu.

Watu mia nne na kumi na wawili, Baba. Wote wazee. Na kwa kuwa kanuni yangu ilimwondoa aliyetangulia, ndio hao hao waliokuwa wamengoja zaidi.

Nilikwenda kwa mkurugenzi. Kanuni ikarekebishwa siku ile ile. Nikamuuliza tutawaitaje waliofutwa. Akafunga kompyuta yake, akaniambia, "Yaliyopita si ndwele." Baba, wale watu wana ndwele! Ndiyo maana walikwenda hospitali!

Mfumo ulikuwa umefuta majina na simu zao, ukabakiza namba za kadi tu. Nilikwenda kwa wakubwa zake mara tano, wakanizungusha. Mwezi wa pili nikanakili namba zote kwenye daftari, nikaacha barua ya kujiuzulu mezani, nikatoka. Sasa umejua podikasti ni ya nini. Kuanzia kipindi cha tatu, wiki hii, nitasoma namba kumi na tano kila wiki, polepole, mara mbili mbili. Atakayeijua yake anitafute, nami nitampeleka kwa daktari mkono kwa mkono. Sina njia nyingine ya kuwaita watu nisiowajua majina.

Niambie kitu. Hata kunitukana ni sawa.

Binti yako


30 Juni

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Nauliza kwa mara ya tatu, barua zangu mbili hazikujibiwa. Nikipiga simu anapokea Fundi Saa, anasema umelala. Saa nne asubuhi? Wewe uliyekuwa ukimwamsha jogoo? Kama umenikasirikia, nirudishie hata bahasha tupu nijue unapumua.

Wasikilizaji sasa ni elfu sita. Tumewapata hamsini na wanane. Yule mshonaji ameshapasuliwa nyonga, anatembea. Dereva mmoja mstaafu wa malori alikuja kabatini kwangu akaongea saa nzima, akaondoka na blanketi langu moja, nikamwachia.

Jana alikuja mwanamume wa makamo, suruali imepigwa pasi, kadi ameishika kwa mikono miwili. Nikamkalisha, nikamkaribisha hewani kwa furaha, nikamwambia aisome namba yake. Akaisoma. Kisha akasema, "Kadi ni ya baba. Alikuwa anasubiri kupasuliwa moyo. Tulimzika mwezi wa pili. Nimekuja kwa sababu umemwita, na mtu akiitwa huitika."

Kinasa sauti kikaendelea kurekodi. Hakunitukana, Baba. Alinipa pole! Aliifunga kadi kwenye leso akatoka, na mimi nikabaki juu ya sanduku la viatu.

Nataka kuacha. Sikujua kwamba nitakuwa naita makaburi.

Binti yako


9 Julai

Binti yangu Profesa,

Marahaba. Usishtuke kuona mwandiko wa mtu mwingine, anayeandika ni Fundi Saa. Mkono wangu umekufa ganzi, umri huo. Vingine vyote vizuri.

Nimesikiliza kipindi cha yule mwanamume. Sina la kukupoza. Umeua? Kompyuta imeua? Moyo wa baba yake ungesimama hata hivyo? Mimi si daktari. Najua tu kwamba marehemu aliitwa, mwanawe akaitika.

Usiache. Nakwambia kwa sababu moja. Kiwandani tuliwahi kuchapa kitabu cha hesabu cha shule, majibu ya ukurasa mzima yamekosewa. Aliyeyapitisha ni mimi, kichwa kilikuwa kwa mama yako mgonjwa. Mkuu wa kiwanda akasema tunyamaze, walimu watagundua wenyewe. Nikakataa. Tukachapa kikaratasi cha masahihisho, nikakibandika kwa mkono wangu kwenye kila nakala, siku kumi na moja, gundi mpaka kwenye nyusi. Ilipobaki nakala ya mwisho nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka, na mtoto atakayeifungua hiyo hana habari na uchovu wangu.

Soma namba zote. Aje mzima, aje mwana wa marehemu, soma. Na ukimaliza ndipo tutaongea mimi na wewe. Si kabla.

Zimebaki ngapi?

Baba yako

Binti, hapa ni mimi mwenyewe Fundi Saa. Mzee amesema "tia nukta, funga" na anadhani nimeshafunga. Yuko mbele yangu, uso ameuelekeza huku, ila haoni kama kalamu bado inatembea. Haoni. Jicho la kushoto limekufa tangu mwaka jana, na la kulia linatofautisha mlango na dirisha tu. Barua zako zote namsomea mimi. Zake za mwanzo aliandika kwa kupapasa rula. Ana miaka miwili na zaidi anangoja kuitwa kupasuliwa macho, na kadi haitoki mfukoni mwa shati. Namba yake ni 30618. Uliisoma kipindi cha tatu, nilikuwa nimeshika simu. Aliniapisha nisikuambie. Nimeitunza siri hii miezi mitatu, imenishinda. Nisamehe, na njoo.


2 Agosti

Baba,

Shikamoo. Bandeji imekaaje? Inawasha? Usiikune, na usimtume Fundi Saa akukunie.

Nimeandika herufi kubwa kama maharage, kama ulivyoagiza. Siku tisa nimekaa kwako. Nimekupeleka hospitali, nimekushika mkono ukipasuliwa, na kila nilipofungua mdomo ulinikata: "Mazito huandikwa. Nenda kaandike. Nitasoma mwenyewe, hata ikichukua mwaka." Basi nimeandika.

Nilipoisoma ile barua ya Fundi Saa nilikuwa nimesimama posta, mbele ya dirisha la stempu. Mwenye dirisha aliniuliza mara tatu kama nahitaji maji. Namba ile naijua! Ilikuwa ya kumi na tano, mwisho wa ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Niliisoma mara mbili kwa sauti nzuri ya kitangazaji, nikanywa maji, nikageuza ukurasa.

Nikapanda basi. Ulipofungua mlango uligusa fremu kwanza. Nilikuwa hatua mbili mbele yako, mchana kweupe, ukauliza, "Nani?"

Sitalisahau hilo. Mimi ndiye niliyekufuta, Baba. Mistari minne. Watu wengine nilisema sikuwajua. Wewe nilikujua. Barua yako iliporudi bila wino niliibandika ukutani kama cheti, na kumbe ulikuwa huoni. Herufi zako zikawa kubwa, nikakutania unagombea uchaguzi. Uliniambia mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe kadi iko mfukoni! Kwa nini hukuniambia? Neno moja tu kwenye simu ningekutafuta kwenye mfumo kwa dakika mbili.

Daktari amesema jicho la kushoto halirudi. La kulia atajua bandeji ikitoka.

Kipindi nimekisimamisha. Daftari liko chini ya viatu, namba mia mbili na kumi na saba hazijasomwa. Siwezi. Kila nikiwasha maikrofoni nasikia ile gilasi ya maji.

Hapa chini niliandika "binti yako", kisha nikakata. Siku zote ulinikaripia kwa kukata maneno ovyo. Safari hii nimekata nikijua ninachokata.

Profesa, kama hilo nalo bado lipo


21 Septemba

Binti yangu Profesa,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Hujambo? Goti bado lina maneno mengi. Paka mwenye kiburi amehamia kwangu kabisa.

Nimesoma mwenyewe. Bandeji ilitoka, na jicho la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, lakini upande wa pili wa tundu kuna mwanga. Fundi Saa ameniazima kile kioo chake cha kubana jichoni, anachotazamia matumbo ya saa. Neno moja, napumzika, neno la pili. Nimekusoma siku nne, na kuandika hii siku sita, kwa mkono wangu. Ganzi ilikuwa uongo.

Nimekasirika. Usidhani baba yako ni malaika. Siku uliposoma namba yangu chai ilipoa mkononi. Nilitoa kadi nikaipapasa kana kwamba vidole vitasoma, nikamwambia Fundi Saa airudie, akarudia, ni ile ile, na sauti ni ya mwanangu. Nilitaka kukupigia simu nikutukane tusi ambalo kiwandani tulikuwa hatulichapi. Karibu miezi mitatu sikuweza kukuandikia. Nilikuwa natunga barua kichwani, na zote zilikuwa mbaya.

Sasa sikia sehemu yangu, na usiichukue, ni mali yangu. Nilikwenda dirishani mara tatu. Karani akasema, "Mzee, huonekani." Nikamjibu, "Mfumo huu ameutengeneza binti yangu, haukosei. Wewe ndiye hujui kusoma. Tazama tena kesho!" Yule karani alikuwa anasema kweli nami nikamtukana mbele ya watu. Na sikukupigia simu kwa sababu sikutaka isemwe kwamba baba wa Profesa ameruka foleni. Nilijisifu mpaka nikapofuka. Kanuni yako na majivuno yangu vilisaidiana. Jicho la kushoto tumelipoteza wawili.

Kwa nini nilinyamaza baada ya kujua? Ungeacha kila kitu ukakimbilia kwangu, na wengine wangebaki daftarini. Umeona? Ndivyo ulivyofanya.

Hospitali nilikutana na wajina wangu, yule aliyebaki kwenye orodha. Seremala mstaafu, tarehe moja Januari kama mimi. Alipasuliwa mwaka jana, anaona mpaka sisimizi. Alilia kuliko mimi. Ilibidi nimbembeleze, kazi nyingine hiyo.

Toa daftari chini ya viatu. Kipindi kijacho anza na 30618. Isome, useme ni namba ya nani na ni nani aliyeifuta, halafu nyamaza. Usinywe maji. Nitaitika mwenyewe. Fundi Saa amenikatia tiketi ya basi ya Jumatano, na yeye anakuja, anasema anataka kuona hilo kabati. Tafuta sanduku la pili la kukalia. Nikishaitika, endelea na zile mia mbili na kumi na saba, mimi nitakuwa nakushikia gilasi.

Barua yako nimekurudishia humu ndani, kama desturi yetu. Kalamu nyekundu ilikuwa imekauka, ikabidi ninunue nyingine. Makosa ni sita, nimeyazungushia; la nne linatia aibu. Na pale chini ulipokata maneno mawili, nimetia nukta. Nyingine zimeangukia mstari wa pili na moja iko mezani kwa Fundi Saa. Zitazame vizuri.

Baba yako,
Kalamu Nyekundu